Meli Iliyokosa Mti

Tulipomaliza kumzika Mama Kerubo, watoto wake waliniambia nichague kitu kimoja katika nyumba yake kabla hawajagawana vingine. Nyaboke, mkubwa wao, alinishika mkono akanipeleka sebuleni. Nadhani alitegemea nichukue blanketi la marehemu, au ile birika aliyoisugua kwa majivu mpaka ikang'aa kama kioo. Nikaonyesha ukutani. "Ile picha," nikasema. Wajukuu waliokuwa wamekaa na simu zao wakacheka, na mmoja akaniuliza, "Shosh, hiyo imeisha rangi kabisa, utaifanyia nini?" Sikumjibu. Mimi si mtu wa kujibu haraka. Hata haya ninayoandika nimekaa nayo tangu mazishi, mstari mmoja asubuhi, mwingine nikishalisha kuku, kwa sababu shule yangu iliishia darasa la saba na mkono wangu haujawahi kukimbia. Lakini yule mtoto aliuliza kwa adabu, na jibu lake ni refu. Ni jibu la mwaka mzima, ule wa sitini na nane, ambao niliuishi mbele ya picha ile nikiwa na sindano mkononi.

Ya wazazi wangu nitayaacha. Inatosha kusema kwamba nilikuwa na miaka kumi na sita, kwamba barua ya sekondari haikuja, na kwamba Mama Kerubo, mdogo wake mama, aliomba nikakae naye karibu na Keroka kwa sababu alikuwa na mimba na nyumba mpya kwa wakati mmoja. Mume wake, Baba mdogo Ombati, alikuwa dereva wa lori la kubeba majani ya chai. Walikuwa wamepata shamba katika ardhi iliyokuwa ya walowezi, na juu yake wakajenga nyumba ya vyumba vitatu, ya mabati, iliyonukia saruji mbichi na mbao. Kuta za ndani hazikufika juu, kwa hiyo kilichosemwa chumba kimoja kilisikika chumba cha pili, na mvua ikinyesha hakuna kilichosikika popote. Sisi tulikuwa Waadventista wa kweli. Tulipanda chai, tukachuma chai, Baba mdogo akaendesha chai mpaka kiwandani, lakini kuinywa ilikuwa mwiko. Asubuhi tulikunywa uji wa wimbi, na wageni wakaletewa maziwa ya moto. Jikoni palikuwa nje, kibanda cha moshi, na hapo ndipo nilipopapenda. Mgeni akibisha hodi nilikimbilia jikoni na kujifanya napuliza moto. Mama Kerubo alizoea kuwaambia watu, "Nina msichana humu, ila mtaona tu moshi wake."

Picha ilitundikwa sebuleni kabla hata viti havijafika. Fremu yake ilikuwa nyeusi, pana kama kiganja, na kioo chake kilikuwa na ufa mdogo pembeni. Ilionyesha bandari ya Ulaya, ya wakati ambao meli zilikwenda kwa upepo. Mwalimu mmoja aliniambia baadaye kwamba ni ya karne ya kumi na tisa, kwamba haikuchorwa kwa mkono bali ilichapwa kwa mashine, na kwamba zilitengenezwa nyingi za namna hiyo. Hilo la nyingi sikupenda kulisikia. Rangi zake zilikuwa zimegeuka kahawia, kwa hiyo sisi tuliona maji yanayofanana na mto Gucha wakati wa mvua. Nyuma kulikuwa na meli tano au sita zenye matanga, na miti yake mirefu na kamba nyingi. Neno mlingoti nililisoma miaka mingi baadaye. Sisi tuliita mti. Mbele, kubwa kuliko zote, ilisimama meli moja iliyofungwa kando ya ukuta wa mawe. Ilikuwa na mti mmoja mbele na mmoja nyuma, na katikati, pale ulipopaswa kuwa mkubwa wao, palikuwa na kisiki tu. Chini upande wa kulia picha ilikuwa na doa la unyevu, jeusi, na ndani ya doa hilo mtu aliona kitu kama ua wa boma.

Baba mdogo aliipenda kuliko lori. Alipokuwa kijana alifanya kazi ndani ya nyumba ya mlowezi mmoja upande wa Sotik, na picha ilikuwa ukutani huko. Mlowezi alipouza vyombo vyake ili arudi kwao, watu waligombania meza na vitanda na hata milango. Ombati alinunua picha peke yake, akaibeba kichwani mpaka Keroka, na watu wakamwita njiani, "Ombati, umenunua dirisha?" Siku niliyofika alinisimamisha mbele yake. "Moraa, unaona?" Nikaitikia kwa kichwa. "Unaona nini?" Nikavuta pindo la gauni. "Sema tu, haikuumi." Nikasema, "Mashua." Akacheka mpaka akakohoa. "Mashua! Mtoto huyu! Hii ingebeba kanisa zima na ng'ombe wa wazee juu."

Kitu kimoja nilichojua ni kudarizi. Nilijifunza shuleni kwa mwalimu wa kike aliyetufundisha mishono kumi na miwili, na mimi nilishika yote kwa sababu somo hilo halikuhitaji kusema. Nyumba yoyote ya heshima wakati ule ilikuwa na vitambaa vya viti, vyeupe, vilivyodariziwa na kutandikwa pale mtu anapoegemea mgongo. Fundi wa Keroka alikuwa anatengeneza viti vinane, na vitambaa vinane vilitakiwa kabla ya siku ya sala ya kufungua nyumba, mwezi wa nane. Mama Kerubo alitaka maua na maneno ya kukaribisha. Baba mdogo akakataa. "Maua yako kila nyumba. Nataka meli." Mama Kerubo akaniangalia. "Utaweza meli?" Nikaitikia kwa kichwa bila kujua kama nitaweza. Nilichukua gazeti, nikalipaka mafuta ya kupikia mpaka likaanza kuonyesha kilicho chini yake, nikalibandika juu ya kioo na kufuata mistari kwa penseli. Baba mdogo aliporudi jioni akasimama mbele ya kioo kilichojaa mafuta. "Kerubo," akamwita mkewe, "nani amelamba picha yangu?"

Nilianza na meli kubwa ya mbele kwa sababu ndiyo iliyoonekana vizuri. Niliishona kwa uzi wa buluu kama ilivyo, miti miwili na kisiki. Ilinichukua wiki tano. Nilishona, nikafumua, nikashona tena. Mama Kerubo alikuwa akikaa karibu nami akichambua chinsaga, mboga yetu ya mgagani, miguu yake imevimba kidogo, na kunichokoza. "Moraa, mtoto huyu atazaliwa, atabatizwa, ataoa, na wewe bado uko kwenye kitambaa cha kwanza." Nilicheka ndani ya kitambaa. Siku nilipomaliza alikigeuza upande wa nyuma, kama tunavyofanya sisi tunaoshona, maana upande wa mbele hudanganya. Aliangalia fundo moja moja.  Alikikunja akakiweka mezani palipoonekana, na nilijua maana yake.

Kilikuwa hapo mezani Magokoro alipokuja. Magokoro kwetu ni nyanya, na huyu alikuwa mama yake Baba mdogo, mjane, mwembamba, mrefu, anayetembea na fimbo aliyoitumia zaidi kuonyeshea vitu kuliko kuegemea. Hakuongea Kiswahili, maneno yake nayaandika kama ninavyoyakumbuka kwa lugha yetu. Alikuwa ametembea tangu alfajiri kuja kuiona nyumba ya mwanawe kwa mara ya kwanza. Alifika mlangoni, akasifu mabati, akasifu dirisha, akaweka mguu mmoja ndani, halafu akaiona picha. Macho yake yalikuwa na ukungu lakini mbali aliona. Akaurudisha ule mguu nje.

Kwa wasiojua, nieleze. Nyumba zetu za zamani zilikuwa za nyasi, na juu kabisa, kwenye kilele cha paa, kilichomoza kijiti kilichochongwa. Mwenye nyumba akifa, kijiti hicho kiliondolewa. Mtu akipita njiani na kutazama paa, alijua bila kuuliza. Magokoro aliona miti mirefu ikichomoza juu ya vitu vilivyojengwa kwa mbao, na watu wadogo wakiingia na kutoka. Alisoma alichokiona kama ambavyo angekisoma kila mzee wa kwetu. "Hilo ni boma," akasema, fimbo imenyooka. "Nyumba zote zina vijiti vyake. Ile kubwa ya mbele kimetolewa. Ombati, nani amekufa pale?"

"Mama, hizo si nyumba. Ni meli. Zinakwenda majini."

"Watu wanalala ndani?"

"Wanalala."

"Wanapika?"

"Wanapika, ndiyo, lakini—"

"Basi ni nyumba. Na mwenye ile ya mbele amekufa. Wewe umechukua msiba wa watu usiowajua ukautundika juu ya kichwa chako." Akageuka, akaona kitambaa changu mezani kupitia mlangoni. "Na mwingine ameushona ili mtu aegemee!" Mimi nilikuwa jikoni tayari. Hakuingia. Alikunywa maziwa akiwa amesimama uani, akasema kwamba hatakula ndani ya nyumba ile maadamu picha iko humo, akarudi kwake.

Mtu wa leo anaweza kucheka. Lakini katika boma letu nyumba mpya haikuwa nyumba mpaka mama wa mwenyewe ale ndani yake, tonge la kwanza, mbele ya watu. Sala ya mzee wa kanisa ilikuja juu ya hilo, si badala yake. Magokoro asipokula, majirani wangesema Ombati amejenga ghala la kulala. Na mtoto wa tumboni angezaliwa katika nyumba ambayo nyanya yake haikanyagi. Mama Kerubo alizika watoto wawili wachanga kabla ya mimba ile. Nilijua hilo kwa kumsikia akiomba kupitia ukuta usiofika juu. Alikunja kitambaa changu akakificha chini kabisa ya sanduku, akaniambia nianze maua. Baba mdogo akasema meli ni meli. Nikakaa wiki moja bila kushona chochote, nimeshika sindano.

Katikati ya mvua ndefu lori la Baba mdogo liliteleza kwenye mteremko likaingia mtaroni na mzigo wake wote wa majani. Hakuumia ila bega. Magokoro alituma ujumbe kupitia mtu wa sokoni: Nilisema. Sabato iliyofuata, tulipotoka kanisani, nilikuwa chumbani kwangu nikibadilisha nguo, nao Baba mdogo na mkewe walikuwa sebuleni wakidhani nimeenda jikoni.

"Ishushe siku moja tu," Mama Kerubo alikuwa akisema. "Akishakula, uitundike tena."

"Nimdanganye mama yangu?"

"Basi ishushe kabisa."

Nilimsikia Baba mdogo akisogea mpaka ukutani. "Kerubo, kwa yule mzungu niliitwa boi. Nina ndevu, naitwa boi. Picha hiyo niliifuta vumbi kila asubuhi, miaka minne. Siku moja nilisimama kuitazama, nikaulizwa kama nalipwa kutazama. Sasa naitazama nikitaka. Nimekaa, nimenyoosha miguu."

"Na mimi je? Nizae mtoto ambaye nyanya yake hamshiki kwa sababu ya ukuta?"

"Sijui." Halafu akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Pale mtaroni, lori lilipolala, unajua niliona nini? Niliona ile meli."

Nilisimama palepale na gauni moja limeniingia kichwani nusu. Mtu mzima kama yule, mwenye mikono ya kugeuza lori, alikuwa ameanza kuogopa picha yake mwenyewe, na bado hakuweza kuishusha. Mpaka leo nikimwona mtu anang'ang'ania kitu ambacho wengine wanaona ni upuuzi, sicheki upesi. Jumatatu yake nilirudi kwenye picha. Nilijiambia kwamba kwa kuwa anataka meli, nitashona zile za nyuma zenye miti yote, na ile ya mbele nitaiacha. Nilipaka gazeti jingine mafuta. Lakini meli za nyuma zilikuwa na mistari myembamba, kwa hiyo nilimwomba Mama Kerubo tushushe picha, nikailaza juu ya meza karibu na dirisha, jua likaipiga kwa upande. Nilifanya kazi siku tatu. Siku ya tatu penseli yangu ilifika kwenye lile doa, chini upande wa kulia, na nikaanza kuufuata ule ua wa boma.

Haukuwa ua. Ulikuwa mti mmoja, mrefu kupita kitu kingine chochote katika picha, umelazwa juu ya vigogo, upande mmoja umechongwa ukawa laini na mviringo na upande mwingine bado una magome. Juu yake watu wawili wameinama, kila mmoja na tezo mkononi, lile shoka dogo la kuchongea, sawasawa na tezo za wachonga vigoda wetu. Chini ya miguu yao kulikuwa na vipande vya mbao vilivyoruka. Mmoja alivaa kofia. Mwingine alikuwa ameweka koti lake chini, na mbwa amelala juu ya koti. Nilikaa pale mpaka jua likahama. Baba mdogo aliifuta vumbi miaka minne na hakuwaona. Mlowezi aliyeinunua huenda hakuwaona. Mimi niliwaona kwa sababu nilikuwa na penseli isiyojua kuruka mahali.

Mngefikiri nilikimbia kuwaambia. Sikukimbia. Niliogopa kwamba nikisema watanitazama wote, na wakinitazama nitasahau nilichotaka kusema, kama ilivyokuwa shuleni nikiitwa mbele. Niliwashona. Kila asubuhi nilipanga kumwambia Mama Kerubo, na kila asubuhi nilishika sindano badala yake. Kitambaa kile nilikifanya kwa uzi wa kahawia na mweusi, mti wote kuanzia magome hadi ulaini, na watu wawili na mbwa. Vingine sita nilivishona upesi kwa kipimo changu, meli za nyuma na matanga yake. Mama Kerubo alivipokea kimojakimoja. Alipoona kile cha mti akasema tu, "Wanapasua kuni," akakiweka na wenzake. Nikaitikia kwa kichwa. Aibu ya kichwa kile ninayo bado.

Siku ya sala ilikuwa Jumapili. Watu walikuja tangu asubuhi, Mzee Omwenga wa kanisa na Biblia yake na miwani iliyofungwa kwa uzi, majirani, madereva wenzake Baba mdogo. Obokima, ugali wetu wa wimbi, ulikuwa umesongwa, kuku wanne, chinsaga iliyolala kwenye maziwa tangu jana yake, ndizi za kupika. Magokoro naye alikuja. Alikuja, ndiyo, kwa sababu hakutaka watu waseme amemsusia mwanawe, lakini alikaa nje, kwenye kigoda kando ya ghala la mahindi, amegeuzia mlango mgongo. Picha ilikuwa ukutani. Baba mdogo alikaa chini yake amevaa suti, jasho linamtoka. Mzee Omwenga alitoka akaenda kumbembeleza, akarudi. "Anasema kama ni kula na waliokufa, yeye amekwisha kula nao vya kutosha." Watu wakatazama miguu yao. Chakula kilianza kupoa. Dereva mmoja akanong'ona, "Ombati, kuku huyu atafufuka," na hakuna aliyecheka. Nikaenda jikoni, mahali pangu, na nikamkuta Mama Kerubo amekaa chini kwenye majivu na gauni lake jipya, tumbo lake kubwa, analia bila sauti.

Sikumbuki kuamua. Nakumbuka tu kwamba niliingia sebuleni, nikapita katikati ya watu wote wale, nikakivuta kitambaa cha mti kutoka mgongoni mwa kiti alichokalia Mzee Omwenga, akashtuka, nami nikatoka nacho. Nilipiga magoti mbele ya Magokoro nikakiweka mapajani mwake.

"We msichana usiye na mdomo," akasema. "Hii nini?"

"Mti."

"Umelala." Vidole vyake vilikuwa vinatembea juu ya nyuzi. Vilifika kwenye magome, vikasimama. "Hapa una ngozi. Hapa hauna."

"Unachongwa, Magokoro."

"Nani anauchonga?"

"Watu wawili. Wana tezo. Wamo kwenye picha, chini, pembeni, penye doa. Ni mti wa ile ya mbele. Haijafiwa." Sauti yangu ilikuwa imeisha, nikaivuta tena. "Wanaitengenezea mwingine."

Vidole vyake vikarudi kwenye magome. Nyuma yangu nilisikia watu wamejaa mlangoni. "Mwanangu ameishi na picha hii miaka yote hakuwaona," akasema. "Wewe uliwaona vipi?"

"Nashona polepole."

Alinitazama kwa yale macho ya ukungu, halafu akaita kwa sauti ambayo ingefika Ikonge, "Ombati! Lete hicho kitu kwenye jua!" Baba mdogo aliishusha picha kwa mikono yake mwenyewe, akaileta uani, akaishikilia kama trei. Mzee Omwenga akavaa miwani, akainama mpaka pua ikagusa kioo. Kila mtu alisubiri. "Wapo," akasema. Akainama tena. "Wapo kweli. Mmoja ana kofia. Na kuna mbwa!" Watu wakasukumana. Baba mdogo hakuweza kuona kwa sababu alikuwa ameishikilia, akawa anauliza, "Wapi? Wapi?" mpaka dereva mwenzake akampokea. Alipowaona aligeuza uso wake upande wa majani ya chai, akakaa hivyo kidogo.

Magokoro alisimama. "Tuingie," akasema. "Nina njaa tangu mwezi wa pili." Alikula tonge la kwanza, na la pili, na paja la kuku. Picha ilirudi ukutani mbele ya macho yake na hakusema neno. Kisha akaangalia kiti alichopewa. "Hivi vyote vina nguo. Changu mbona kiko uchi?" Mama Kerubo akaanza kusema kwamba cha nane hakikuisha, na mimi, ambaye siku ile mdomo wangu ulikuwa umefunguka na haukujua kufunga, nikasema, "Kimeisha. Kiko sandukuni." Kikaletwa. Meli ya buluu, miti miwili na kisiki.  Magokoro akakipapasa taratibu, pale katikati akapapasa zaidi. "Hiki ni changu," akasema. "Mwenye nyumba yangu aliondoka kweli, na kijiti chake nilikiona kikishuka." Akakikunja akakitia kwenye kikapu chake, na alipoondoka jioni alikwenda nacho. Nilidhani sitakiona tena.

Nyaboke alizaliwa wiki tatu baadaye, mzima, mwenye sauti, na Magokoro alikuwa wa pili kumshika. Mimi niliondoka Keroka mwishoni mwa mwaka. Wanawake waliokuwa pale walinitafuta hadi kwetu, wakitaka meli, kisha wengine kutoka Ogembo ambao hawakuwa na habari ya kisa chenyewe ila waliona viti. Nimesomesha watoto wanne kwa sindano ile. Kuna nyumba katika vilima hivi, mbali na maji yoyote makubwa, ambazo mpaka leo mgeni akiketi anaegemea meli ya Ulaya, na mwenye nyumba hajui ilitoka wapi. Mimi najua. Huwa nakaa, nakunywa maziwa yangu, na ninajivuna kimyakimya. Mume wangu, Mungu amweke pema, alisema alinioa kwa sababu alisikia kuna msichana aliyemwingiza Magokoro ndani ya nyumba. Nilimwambia alisikia vibaya, kwamba nilipiga magoti tu.

Siku ile ya mazishi, tukiwa tumeshaifunga picha kwenye shuka, Nyaboke aliniambia, "Ngoja. Mama alisema ukija kuchukua picha uchukue na hiki." Akafungua lile sanduku la zamani la bati, akatoa kitambaa kilichokunjwa mara nne. Nilikitambua kabla hakijafunguka. Buluu yake ilikuwa imepauka. Kisiki kilikuwa mahali pake. Na kutoka kwenye kisiki, ukipanda juu kupita matanga, kupita ukingo wa mchoro wangu hadi karibu na pindo la kitambaa, ulisimama mti mnene wa uzi wa gunia, mishono mipana kama ya kufunga magunia ya mahindi, umeegemea kidogo upande, na kileleni umemalizika kwa kijiti kidogo kilichochomoza.

"Magokoro aliushona mwenyewe," Nyaboke akasema. "Mama alinisimulia, kwani ndiye aliyeachiwa kitambaa. Wiki niliyozaliwa, huko kwake, aliomba sindano ya gunia. Walipomuuliza anashona nini, akasema amechoka kuwasubiri wale wawili wamalize kuchonga."

Nilikipeleka dirishani. Mwanamke yule hakuwahi kushika sindano ya kudarizi maishani mwake, na macho yalikuwa yamekwisha. Nikakigeuza upande wa nyuma, nikaangalia fundo moja moja, polepole, kama Mama Kerubo alivyoangalia yangu. Hakuna hata moja lililolegea.